Jinzi za Xintang na Shule ya Jeanes: Nani Humfundisha Mwalimu wa Ufundi Kuona?



Naomba nianze na kisa kidogo kabla sijaingia kwenye historia yenyewe, kwani bila kisa hicho nisingeyaandika haya.

Muhula uliopita niliingia darasani na suruali mbili za jinzi mkononi. Wanafunzi wangu ni vijana wa Kichina wanaosomea ualimu wa ufundi, wengi wao fani ya ushonaji. Miaka miwili mitatu ijayo watakuwa wanafundisha watoto wa watu kushika mkasi. Suruali ya kwanza niliinunua hapa hapa Xintang, mpya kabisa, ila imechakazwa kiwandani ionekane ya zamani. Ya pili ni yangu mwenyewe, imechakaa kwa kuvaliwa. Nikauliza: ipi nzuri zaidi, na kwa nini? Wakanieleza vizuri sana uzito wa kitambaa, aina ya uzi, idadi ya mishono kwa kila sentimita. Juu ya uzuri, kimya. Mwishowe binti mmoja akasema kwa adabu: "Mwalimu, hilo huamua mteja."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Huyu binti ni mwalimu wa kesho. Kama anaamini kwamba uzuri ni kazi ya mtu mwingine aliye mbali, basi wanafunzi wake watajifunza hivyo hivyo, na wa kwao vilevile. Sisi tuliopitia vyuo vya ufundi Afrika Mashariki jibu hilo si geni. Hata mimi nimeshawahi kulitoa, tena kwa namna mbaya zaidi, na nitalikiri huko mbele.

Hoja yangu ni moja tu: kutenganisha mkono na jicho katika elimu ya ufundi si jambo la maumbile. Lilifanywa na watu, kwa miaka inayojulikana, katika majengo ambayo mengine bado yamesimama. Na kwa kuwa lilifanywa na watu, watu wanaweza kulitengua, hasa pale mwalimu wa ufundi anapoandaliwa. Wanataaluma tunasema "ujumi". Mimi nitatumia zaidi neno "jicho", kama wanavyosema mafundi wetu: fulani ana jicho.

Tuanze hapa nilipo. Xintang ni mji wa wilaya ya Zengcheng, mashariki mwa Guangzhou, kando ya mto Dongjiang. Zamani Zengcheng ilisifika kwa matunda ya lichi, na Xintang ndiko alikotoka Zhan Ruoshui (1466–1560), mwanafalsafa wa enzi ya Ming aliyeanzisha shule nyingi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, China ilipofungua milango, mitaji ya Hong Kong ilivuka mpaka kutafuta mikono ya bei nafuu, na viwanda vya jinzi vikaota kama uyoga. Mfumo uliotumika Guangdong nzima ulikuwa hivi: mwenye mali analeta kitambaa, sampuli na vipuri, mwenyeji anatoa kiwanja na mikono. Angalieni hapo kwenye sampuli. Jicho lilikuja limefungwa ndani ya sanduku pamoja na vifungo na zipu. Kufikia mwisho wa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba Xintang inatoa suruali zaidi ya milioni 200 kwa mwaka, zaidi ya nusu ya jinzi zote za China.

Kwa wasiojua jinzi inavyotengenezwa, siri yake iko kwenye rangi. Nyuzi za mtande huchovywa kwenye nili, na za mshindio huachwa nyeupe. Nili haizami hadi kwenye kiini cha uzi, inakaa juu juu. Ndiyo maana jinzi ikisuguliwa inapauka, na inapauka pale hasa mwili unapoisugua: gotini, pajani, mfukoni. Kila suruali inaandika maisha ya aliyeivaa. Ila soko la dunia halikuwa na subira ya kungoja maisha. Likataka suruali mpya iliyokwisha kuishi. Basi mfanyakazi anapiga msasa, anapulizia kemikali, mashine inafua kwa mawe mepesi ya volkano, maji yanamwagwa, inasuuzwa tena na tena.

Gharama yake tunaijua. Mwaka 2010 Greenpeace ilitoa ripoti juu ya Xintang, na sampuli moja ya tope la hapa ilikutwa na madini ya kadimi mara 128 ya kiwango kilichoruhusiwa China. Picha za maji yenye rangi ya bluu zilizunguka dunia. Uturuki, ambako suruali zilichakazwa kwa kupulizwa mchanga, vijana walikufa kwa vumbi lililojaa mapafuni hadi serikali ikapiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Hapa Xintang, katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, viwanda vingi vya kufua na kutia rangi vilifungwa au kuhamishwa.

Sisemi wafanyakazi hawakuona. Aliyeishi kando ya mto aliona kuliko mimi na nyinyi. Nasema kuona kwake hakukuhesabiwa kuwa sehemu ya ufundi wake. Aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kuifuata sampuli, na kwamba mengine yote ni ya mteja, amefundishwa pia kunyamaza juu ya anachokiona. Kwa hiyo tunapozungumzia ujumi kwa walimu wa ufundi, tafadhali tusidhani tunazungumzia mapambo.

Sasa cha kushangaza ni kwamba China yenyewe ilikuwa na jibu jingine, tena mapema sana. Cai Yuanpei, waziri wa kwanza wa elimu wa Jamhuri mwaka 1912, ambaye alikuwa amesoma Leipzig, aliiweka elimu ya uzuri kuwa moja ya nguzo tano za elimu. Mwaka 1917, akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Peking, alitoa hotuba maarufu akitaka elimu ya uzuri ichukue nafasi ya dini. Tukubaliane naye au tusikubaliane, hilo ni jingine. Mwaka huohuo wa 1917, mjini Shanghai, mwanafunzi wake wa zamani Huang Yanpei alianzisha chama cha elimu ya ufundi cha China, na Cai mwenyewe alikuwa miongoni mwa waasisi waliokiunga mkono. Lengo la chama lilikuwa na sehemu mbili: asiye na kazi apate kazi, na mwenye kazi aifurahie kazi yake. Yaani mtu aliyepigania uzuri na mtu aliyepigania ufundi walikuwa mwalimu na mwanafunzi, wakaweka sahihi zao pamoja. Mkono na jicho viliwahi kukaa meza moja.

Halafu zikaja vita, mapinduzi, na haraka ya viwanda. Elimu ya uzuri ilitoweka kwenye sera kuu kwa miongo kadhaa, ikarudishwa rasmi mwaka 1999, wakati Xintang imeshakuwa Xintang. Oktoba 2020 Beijing ilitoa waraka mwingine, na humo vyuo vya ufundi vimetajwa waziwazi: masomo ya sanaa yaunganishwe na masomo ya fani. Maandishi ni mazuri. Lakini katika chuo kimoja ninachokifahamu, muungano huo umekuwa kwaya na mwandiko wa brashi kila Alhamisi jioni. Asubuhi yake, karakana inaendelea kama kawaida: sampuli, kipimo, nakala.

Hebu sasa tuvuke bahari tuje kwetu, maana kwetu nako kuna "jinzi" yake. Wanahistoria wa elimu wanaijua Shule ya Jeanes ya Kabete, nje kidogo ya Nairobi, na jina hilo hutamkwa karibu sawa na suruali. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones na akiwemo James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki. Ilikuja na mfano wa Hampton na Tuskegee, shule za Wamarekani weusi wa kusini: elimu ya mikono, kilimo, usafi, tabia njema. Mwaka uliofuata, 1925, kwa fedha za Carnegie, ikafunguliwa shule Kabete kuandaa walimu wa kutembelea shule za vijijini, chini ya J. W. C. Dougall aliyekuwa katibu wa tume hiyo. Jina lilitokana na Anna Jeanes wa Philadelphia, aliyeacha dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za weusi wa Marekani.

Tuwe waadilifu. Jeanes haikudharau mambo ya kienyeji. Ngoma, michezo ya kuigiza na kazi za mikono zilikuwa na nafasi, na walimu walikuja na wake zao, wakajifunza wote. Lakini uzuri uliingia kupitia mlango wa usafi: nyumba iliyofagiwa, dirisha lililo mahali pake, bustani iliyonyooka. Mwalimu alifunzwa kuonyesha mfano, na mfano ulikuwa umeshaamuliwa. Je, hiyo si sampuli ndani ya sanduku?

Upande wa pili, Uganda, mambo yalikwenda kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma Slade kule London, alianza kufundisha sanaa barazani kwake Kampala, kisha Makerere. Mwaka 1937 alitoa kitabu juu ya sanaa na kazi za mikono za Kiafrika mashuleni, na aliamini jicho la mwanafunzi lianze na mkeka, kikapu na chungu cha kwao. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Kutoka Makerere alitoka Sam Ntiro wa Machame, aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika London baada ya uhuru, na Elimo Njau wa Marangu, mmoja wa waasisi wa Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965.

Haya yote ni ya kujivunia. Ila tazameni ramani. Makerere ilikuwa mlango wa wachache waliokwenda juu. Mafundi seremala, waashi na wahunzi waliingia kwa mlango mwingine, kama ule wa karakana ya mafunzo ya viwanda iliyokuwa Kabete hiyohiyo. Msanii akapewa jicho, fundi akapewa mkono, na mwalimu wa ufundi akatoka mlango wa fundi. Uhuru haukuunganisha milango hiyo. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 iliirudishia kazi ya mikono heshima yake, na kwa hilo Mwalimu Nyerere tunamshukuru. Lakini shuleni kwetu "kazi ya mikono" ilikuwa jembe. Leo Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na chuo cha walimu wa ufundi stadi pale Morogoro. Kenya ina chuo cha Gigiri tulichokizoea kwa jina la KTTC. Majengo tunayo. Swali ni je, milango imeungana?

Kuna atakayesema: jicho ni anasa, kwanza tushibe. Kwake naleta kaniki. Mnaikumbuka: kitambaa cha bluu nzito ya nili, ambacho Unguja ya karne ya 19 kilikuwa vazi la watumwa na maskini. Bluu ilikuwa rangi ya kutumikishwa, kama jinzi ilivyoanza kuwa suruali ya vibarua kule Marekani. Mwaka 1897 ikatolewa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar. Mwaka huohuo kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya kiwandani, ile iliyokuja kutia rangi jinzi za dunia. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001, ameonyesha jinsi wanawake waliokuwa watumwa walivyoivua kaniki na kujifunga kanga, na kwamba kujifunga huko kulikuwa tamko. Hawakuwa wameshiba. Hawakuwa na mwalimu wa sanaa. Lakini walijua toleo lipi limepitwa na lipi linatembea mjini, na wafanyabiashara wa pwani, kama nyumba ya Kaderdina ya Mombasa iliyoanza 1887, walilazimika kuwasikiliza. Hata Urafiki, kiwanda kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, hakikuweza kuuza kanga bila kulifuata jicho hilo.

Hapo nakubaliana na yule binti wangu: mteja aliamua. Tofauti ni kwamba mteja huyo alikuwa jirani. Ana jina, ana mdomo, na kesho asubuhi anarudi dukani kulalamika.

Sasa niungame. Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu kijana wa ushonaji katika shule moja ya ufundi nyumbani, ambayo sitaitaja. Mtihani ulikuwa koti la kazi la bluu. Kijana mmoja wa Pangani alishona vizuri, kisha pembeni mwa mfuko akaongeza mstari wa mishono myeupe, midogo midogo, kama mnyororo ule unaochongwa kwenye fremu za milango ya pwani. Nikamkata alama 15, nikaandika kwa wino mwekundu: haipo kwenye mchoro. Hakubisha. Siku chache baadaye nikamuuliza kwa nini aliongeza. Akasema, "Mwalimu, ule mfuko uliniona mpweke." Alikosea maneno, alitaka kusema aliuona mpweke. Nikacheka, na darasa likacheka. Kabla ya mwisho wa mwaka aliacha shule akaenda kuvua samaki. Sidai kwamba aliacha kwa sababu yangu. Nadai kwamba katika darasa lile mwenye jicho alikuwa mmoja, na hakuwa mwalimu.

Mjomba wangu, fundi wa kofia za viua kule Tanga, asingemkata alama. Yeye alikuwa akimaliza kofia anaishika juu dhidi ya mwanga, anaizungusha taratibu, na sisi watoto tunanyamaza. Wakati mwingine alifumua kazi ya siku tatu. Ukimuuliza kosa liko wapi, anasema, "Tazama mpaka ulione." Hiyo ndiyo elimu ya ujumi niliyoipata, na niliisahau mlangoni pa chuo.

Aliyenikumbusha ni kijana wa Kariakoo anayekuja hapa Xintang kununua mzigo. Tulikutana sokoni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, baba, habari za safari?" Mbele yetu lundo la jinzi zilizochakazwa. Akachukua moja, akapitisha kiganja juu ya paja, akaitupa. Nikamuuliza ina nini. "Mwalimu, hii imechakaa mahali ambapo mtu hachakazi. Mtu huyu alikuwa anakaa vipi?" Kumbe alikaa miaka minane kwenye mitumba, soko la Karume, akifungua mabelo na kusoma nguo za wafu na walio hai. Hana cheti hata kimoja.

Basi nikaliiba zoezi lake. Niliwaambia wanafunzi wangu: wiki ijayo kila mmoja alete nguo ya kazi iliyovaliwa na mtu wa nyumbani kwake. Tukazitandaza mezani. Hakuna kupima. Kwa nusu saa ni kutazama tu, kisha kila mmoja aeleze mwili ulioivaa ulifanya nini.

Yule binti wa "huamua mteja" alileta suruali ya mama yake, aliyekuwa akikata nyuzi zinazoning'inia kwenye jinzi, analipwa kwa kipande, katika karakana moja ya mtaa wa Dadun. Paja la kushoto limepauka hadi uzi mweupe umetokeza, na pana mikato midogo ya mkasi. Paja la kulia ni bluu kama siku ya kwanza. Akaiweka sambamba na ile ya kiwandani, ambayo mapaja yote mawili yamechakazwa sawasawa. Akatazama muda mrefu. "Hii ina upande mmoja," akasema. "Alikuwa akiweka kila suruali kwenye paja hili." Kisha akaniuliza, nami natafsiri kwa Kichina changu cha kuokoteza: "Nikishaona hivi, nitawafundishaje wanafunzi wangu kupiga msasa?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia alete swali hilohilo darasani kwake atakapokuwa mwalimu.

Wenzangu mnaofundisha walimu wa ufundi, nyumbani au ughaibuni, mimi ningependekeza mambo matatu, yote hayahitaji bajeti. Kwanza, mwalimu mwanafunzi asome kitu kilichotumika kabla hajafundishwa kutengeneza kipya: kiti cha kinyozi, mlango wa msikiti, jembe la bibi. Pili, katika mtihani wa karakana pawe na alama za kueleza: kwa nini ulichagua hivi, na ungebadilisha nini. Aliyeongeza mshono aitwe aseme kabla ya wino mwekundu. Tatu, fundi wa mtaani mwenye jicho aitwe chuoni afundishe, alipwe, na asiulizwe cheti.

Kama mnajua chuo chochote Afrika Mashariki ambacho mkono na jicho vimekaa tena meza moja, niandikieni, nitakuja kujifunza. Na kama kuna anayemfahamu mvuvi wa Pangani aliyewahi kushona, umri wake sasa unakaribia hamsini, mwambieni mwalimu wake anamdai radhi, na alama 15.